Kuhitimu, Kufuzu na Kustahiki: Uhakiki wa Istilahi za Mtihani wa Leseni ya Udaktari

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi wanazokabidhiwa wafasiri wetu ni kueleza kwa Kiswahili habari za mitihani ambayo mwanafunzi wa udaktari hana budi kuifanya kabla ya kuruhusiwa kuwatibu watu. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa kila msomaji anajua mtihani ni nini, leseni ni nini na daktari ni nani. Walakini wepesi huo ni wa juu juu tu. Neno geni humfanya mfasiri asimame na kutafuta. Neno lililozoeleka humpitisha mbio, naye asijue kwamba ameacha maana nyuma.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki baadhi ya maneno hayo yaliyozoeleka. Tumechagua kuufuata mtihani mmoja, yaani ule wa Marekani ujulikanao kwa kifupi kama USMLE, kwa sababu tatu. Kwanza, taratibu zake zimetangazwa wazi, hivyo twaweza kuyapima maneno yetu kwa jambo linalojulikana. Pili, wako vijana waliosomea udaktari Afrika ya Mashariki ambao huufanya wanapotaka kwenda kusomea ubingwa huko, na habari zao hufika katika ofisi zetu na magazeti yetu zikihitaji kuelezwa kwa Kiswahili. Tatu, mwaka 2021 na mwaka 2022 mtihani huo ulipata mabadiliko mawili makubwa, ambayo ni fundisho kwa kila mwenye kushughulika na istilahi, hata kama hana haja yoyote na Marekani.

Hatukusudii kutoa orodha ya maneno mapya na kuwataka watu wayameze. Tunakusudia kuonyesha ni wapi maneno tuliyo nayo yanatosha, ni wapi yanachanganywa, na ni hasara gani inayompata raia yanapochanganywa. Raia huyo ni mgonjwa, naye ndiye tutakayeishia kwake.

2. Mtihani wenyewe

Nchini Marekani leseni ya udaktari haitolewi na serikali ya shirikisho. Kila jimbo lina bodi yake yenye mamlaka hayo. Ili majimbo yasiwe kila moja na kipimo chake, vyombo viwili vilishirikiana kuandaa mtihani mmoja: shirikisho la bodi za udaktari za majimbo, lililoundwa mwaka 1912, na bodi ya taifa ya watahini wa udaktari, iliyoundwa mwaka 1915. Mtihani huo uliingia hatua kwa hatua kati ya mwaka 1992 na 1994, ukachukua mahali pa mitihani iliyotangulia.

Mtihani una hatua tatu. Hatua ya Kwanza hupima misingi ya sayansi ya tiba, kama vile maumbile ya mwili na utendaji wake, asili ya magonjwa, na nguvu za dawa. Kwa kawaida wanafunzi wa Marekani wameifanya baada ya miaka miwili ya kwanza ya masomo ya udaktari. Hatua ya Pili hupima maarifa ya kumtibu mgonjwa, nayo hufanywa kabla ya kumaliza chuo. Hatua ya Tatu huchukua siku mbili, na aghalabu hufanywa na mtu aliyekwisha kuhitimu na kuanza mazoezi ya kazi hospitalini. Katika muundo uliokuwapo mwaka 2024, Hatua ya Kwanza ilikuwa na maswali yasiyozidi 280 katika siku moja ya saa 8, na Hatua ya Pili maswali yasiyozidi 318 katika siku moja ya saa 9. Ukigawanya muda wa kujibu kwa idadi ya maswali, kila swali hupata takriban dakika moja na nusu. Hakuna mtahiniwa anayeruhusiwa kuijaribu hatua moja zaidi ya mara 4.

Si ajabu, basi, kwamba maandalizi ya mtihani huu yamekuwa shughuli kamili yenye vitabu vyake, biashara yake na msamiati wake. Mwanafunzi hutenga wiki kadhaa, mara nyingi kati ya nne na nane, asifanye jambo jingine ila kujitayarisha. Hununua hazina za maswali zenye maelfu ya maswali ya mfano, akayajibu na kuyarudia. Hapo ndipo mfasiri anapoanza kupambana na maneno.

3. Leseni, usajili na ijaza

Neno leseni tumelipokea kutoka Kiingereza, nalo limekwisha kuwa letu. Tuna leseni ya gari, leseni ya biashara na leseni ya uvuvi. Katika mazoea ya wananchi, leseni ni karatasi inayolipiwa ada na kukaguliwa na askari au bwana biashara. Mtu akisikia kwamba daktari fulani "hana leseni", huenda akadhani kwamba hajalipa tu. Katika udaktari maana yake ni nzito zaidi: chombo cha umma kimethibitisha kwamba mtu huyu ana elimu, ustadi na mwenendo wa kumfanya aaminiwe na uhai wa wenzake.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi ni kulitumia neno hilo moja kwa mambo manne. Jambo la kwanza ni shahada, ambayo hutolewa na chuo kikuu. La pili ni usajili, yaani jina la mtu kuingizwa katika daftari la madaktari. La tatu ni leseni yenyewe, ambayo ni ruhusa ya kufanya kazi kwa muda uliotajwa. La nne ni utambulisho wa ubingwa, ambao ni uthibitisho wa ustadi wa ziada katika tawi moja la tiba. Hapa kwetu, katika Tanzania na Kenya, daktari mpya husajiliwa kwanza kwa muda, akafanya kazi ya utarajali chini ya uangalizi, kisha husajiliwa kikamilifu; na baada ya hapo leseni huhuishwa mara kwa mara. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na shahada bila ya usajili, na aweza kuwa katika daftari la madaktari huku leseni yake ya mwaka imekwisha. Mfasiri anayeandika "amepata leseni" mahali palipotakiwa "amesajiliwa" humfanya ofisa wa serikali aamue jambo la kisheria kwa kutegemea neno lisilo lake.

Wapo wanaopenda kulirudisha neno ijaza. Neno hili lina heshima yake katika pwani yetu. Kwa mapokeo ya elimu ya Kiislamu, ijaza ni ruhusa anayopewa mwanafunzi na sheikh wake ili naye aweze kufundisha kile alichokisoma kwake. Uzuri wake ni kwamba mwenye kutoa ijaza anamjua mwanafunzi kwa sura, kwa tabia na kwa elimu. Lakini hapo hapo ndipo linapotofautiana na leseni. Ijaza ni neno la mwalimu kwa mwanafunzi wake. Leseni ni neno la umma kwa mtu ambaye umma haujui alisoma kwa nani. Mtihani wa taifa umewekwa kwa sababu haikuonekana busara kwamba chuo kiwe mfunzi, mtahini na hakimu wa mwisho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo twaonelea ijaza ibaki mahali pake, na leseni ibaki katika tiba, maana ndilo neno lililoingia katika sheria.

Linalohitaji kusahihishwa ni usemi "mtihani wa leseni". Usemi huu humfanya msomaji aamini kwamba mwenye kupita mtihani hupewa leseni. Sivyo ilivyo. Huko Marekani, mtu aliyepita hatua zote tatu bado huiomba bodi ya jimbo, nayo hutazama pia shahada yake, muda aliofanya kazi chini ya mafunzo, na mwenendo wake. Mtihani humfanya astahiki kuomba, haumpi kitu mkononi. Kwa hiyo katika maandishi rasmi twapendekeza "mtihani wa kustahiki leseni". Usemi huo ni mrefu kidogo, lakini hauahidi kisichokuwapo.

Pamoja na hayo tuguse kwa ufupi jina la yule daktari aliyehitimu na sasa anafanya kazi hospitalini huku akisomea ubingwa, kwa miaka mitatu au zaidi. Mfasiri anayefuata neno kwa neno atamwita "daktari mkazi". Msomaji wa Kiswahili atauliza: mkazi wa wapi? Zamani madaktari wa namna hiyo walikaa ndani ya hospitali, na jina la Kiingereza limebaki baada ya desturi kupungua. Hatuna sababu ya kuirithi historia isiyo yetu. "Daktari mwanafunzi wa ubingwa" ni jina linaloeleza kazi yake, tena halimchanganyi na daktari tarajali, ambaye bado yumo katika mwaka wake wa kwanza wa kazi.

4. Kushinda, kufaulu na kufuzu

Katika mazungumzo tunasema mtu ameshinda mtihani, amefaulu, amepasi, amefuzu au amehitimu, kana kwamba maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Kuhitimu ni kumaliza. Asili yake ni kuifikia hitima, na mtu huhitimu chuo. Kushinda hutaka mshindani. Palipo na mshindi pana aliyeshindwa. Kufaulu ni kupata mafanikio, na mafanikio yana ngazi: mmoja hufaulu vizuri, mwingine hufaulu kidogo. Kufuzu, kwa matumizi yetu ya leo, ni kukifikia kiwango kilichowekwa. Aliyekifikia amefuzu, na ambaye hakukifikia hakufuzu.

Mtu aweza kusema kwamba huku ni kuchambua nywele. Historia ya mtihani tunaouzungumzia yaonyesha kwamba sivyo. Kwa miaka mingi matokeo ya Hatua ya Kwanza yalitolewa kwa namba ya tarakimu tatu. Bodi za majimbo zilitaka kujua jambo moja tu, je, mtu huyu amekifikia kiwango cha usalama au la? Kiwango hicho kabla ya mwaka 2022 kilikuwa 194. Lakini wakuu wa mafunzo ya ubingwa, wakiwa na barua nyingi za maombi mezani, waliona kwamba namba ni chekeche jepesi. Mwenye 250 aliitwa kwenye mahojiano na mwenye 205 aliachwa, ingawa wote wawili walikuwa wamekwisha kufuzu. Kipimo cha usalama kikageuzwa mbio za kugombea nafasi. Wanafunzi wakaanza kuyapuuza masomo ya walimu wao na kuishi ndani ya hazina za maswali, kwa kuwa alama chache zaidi ziliweza kuamua kama mtu atakuwa mpasuaji au la.

Tarehe 26 Januari 2022 namba hiyo iliondolewa. Tangu siku hiyo, mwenye kufanya Hatua ya Kwanza huambiwa tu kwamba amefuzu au hakufuzu, na kiwango kiliwekwa kuwa 196. Yafaa kuongeza kwamba ugonjwa haukupona wote: Hatua ya Pili bado hutoa namba, na uzito ulioondolewa huku ukahamia kule. Lakini wenye mtihani walikiri kwa vitendo kwamba kufuzu na kushindania nafasi ni mambo mawili, na kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa jambo la kwanza hakifai kubebeshwa la pili.

Kiswahili kilikuwa na tofauti hiyo tayari, nasi ndio tunaoipoteza. Twapendekeza kwamba katika habari za mitihani ya leseni, ya udaktari, ya uuguzi, ya uanasheria na mingineyo, neno liwe "kufuzu" peke yake, na "kushinda" liachwe kwa mashindano. Pia desturi ya kutafuta "watahiniwa kumi bora" katika mitihani ya namna hii haina maana. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na watahiniwa bora katika matokeo ya sekondari. Ikiwa jambo hilo limeonekana halifai kwa watoto wa shule, litafaaje kwa mtihani ambao swali lake ni kama mtu ni salama au si salama?

Hapa pana mtego mwingine kwa mfasiri, nao ni neno "alama". Namba 196 si asilimia, wala si hesabu ya maswali yaliyojibiwa sawasawa. Ni namba ya mizani iliyotengenezwa ili matokeo ya mitihani yenye maswali tofauti yaweze kulinganishwa. Ili kufuzu, kwa kawaida mtahiniwa huhitaji kuyajibu sawasawa takriban asilimia 60 ya maswali. Mfasiri akiandika "alama 196" bila ya maelezo, msomaji atauliza: kati ya ngapi? Afadhali aandike "kipimo cha 196 katika mizani ya mtihani huo", na kile kiwango chenyewe akiite "kikomo cha kufuzu".

5. Kukariri, kudurusu na kuchagua

Sasa tuyaangalie maneno ya maandalizi. Kiswahili cha leo hulitumia neno "kusoma" kwa kila kitu, tangu kutazama gazeti hadi kukesha na vitabu. Maneno mengine yapo. Kudurusu ni kusoma somo kwa kurudia na kuchunguza. Kuhifadhi ni kuweka moyoni neno kwa neno, kama afanyavyo mwenye kuhifadhi Kurani. Kutalii kulikuwa na maana ya kusoma kwa makini, lakini siku hizi watalii wamelichukua neno hilo na kwenda nalo mbugani, wala hatutarajii kulirudisha.

Neno lililoonewa zaidi ni kukariri. Katika shule zetu, "anakariri tu" ni tusi. Maana yake mwanafunzi hatambui anachokisema. Lakini maana ya msingi ya kukariri ni kurudia. Wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani huu hutumia sana kadi za maswali mafupi ambazo hurudiwa kwa vipindi vinavyozidi kurefuka: leo, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Kukumbuka baada ya muda hulitia jambo akilini kuliko kulisoma mara kumi usiku mmoja. Huko ndiko kukariri hasa, nako hakuna aibu. Daktari asiyekumbuka kiasi cha dawa ya mtoto hasaidiwi na uelewa wake wa falsafa ya dawa. Walimu wangefanya vyema kulitenga neno hili na tusi lake, na kwa lile wanalolilaumu waseme "kurudia bila ya kuelewa".

Tukija kwenye maswali yenyewe, mengi huanza na kisa kifupi cha mgonjwa, kikafuatwa na majibu kadhaa ya kuchagua. Wafasiri huandika agizo lake hivi: "Chagua jibu sahihi." Hapa pana kosa linalobadili mtihani wote. Tuchukue mfano. Kijana amechomwa kisu kifuani. Anahema kwa shida, shinikizo lake la damu limeshuka sana, bomba la hewa shingoni limesogea upande usio na jeraha, na upande wenye jeraha pumzi haisikiki. Daktari afanye nini sasa? Majibu ni haya: apige picha ya eksirei ya kifua, atoe hewa iliyonaswa kwa sindano, aanze dawa za kuua vijidudu, aagize damu. Hakuna jibu hapo ambalo ni upuuzi. Picha ya eksirei ingeonyesha hewa iliyonaswa, na dawa za vijidudu huenda zikahitajika kesho. Lakini mgonjwa atakufa akiingoja picha. Jibu ni sindano. Kwa hiyo agizo ni "Chagua jibu lililo bora kuliko yote", na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kujua na kuamua. Mwalimu anayetunga maswali kwa Kiswahili na kuandika "jibu sahihi" atagombana na wanafunzi wake, nao watakuwa na haki.

Vivyo hivyo na yale majibu mengine ambayo siyo. Baadhi huyaita "vipotoshi". Neno hilo lamfanya mtahini aonekane mdanganyifu. Jibu lililotungwa vyema halimpotoshi mtu. Humvutia yule mwenye ujuzi nusu, likamwacha mwenye ujuzi kamili. Twaonelea "kishawishi" kifae zaidi, yaani jibu kishawishi.

6. Mgonjwa mwigizaji, na lugha ya mgonjwa wa kweli

Tangu mwaka 2004 Hatua ya Pili ilikuwa na sehemu ya vitendo. Mtahiniwa alisafiri hadi mmojawapo wa miji mitano, yaani Atlanta, Chicago, Houston, Los Angeles au Philadelphia, akalipa zaidi ya dola 1,200 katika miaka ya mwisho, akawekwa mbele ya watu 12 waliofundishwa kuigiza wagonjwa. Kwa kila mmoja alipewa dakika 15 za kumhoji na kumchunguza, na dakika 10 za kuandika aliyoyakuta. Sehemu hiyo ilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na Januari 2021 ikatangazwa kwamba haitarudi.

Watu hao tuwaiteje? "Mgonjwa bandia" ni matusi, maana bandia ni kitu cha kughushi. "Mgonjwa sanifu" ni tafsiri ya neno kwa neno. Kiswahili kikiwa sanifu twaelewa, lakini mgonjwa hasanifiwi. "Mgonjwa mwigizaji" latosha kwa matumizi mengi. Atakayetaka kuonyesha kwamba watu hao pia walimpima mtahiniwa aweza kusema "mgonjwa mtahini".

Lakini jambo tunalotaka wasomaji walitazame ni jingine. Katika sehemu hiyo mtahiniwa alipimwa mambo matatu, na ilimpasa afuzu yote: ustadi wa kuhoji, kuchunguza na kuandika, adabu na mawasiliano na mgonjwa, na uwezo wa kusema Kiingereza kinachoeleweka. Hata baada ya sehemu hiyo kufutwa, madaktari waliosoma nje ya Marekani waliendelea kutakiwa kuthibitisha Kiingereza chao kwa mtihani mwingine wa lugha ya tiba. Taifa hilo halikuona kwamba elimu ya tiba yatosha. Liliuliza pia: je, daktari huyu ataelewana na mgonjwa wake kwa lugha ya mgonjwa?

Swali hilo hilo tujiulize sisi. Mwanafunzi wetu wa udaktari hufundishwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza. Akiwa wodini humhoji mgonjwa kwa Kiswahili, kisha hugeuka akamweleza mwalimu kwa Kiingereza. Kila siku ni mfasiri, ingawa hakuna aliyemfundisha ufasiri wala anayeipa alama tafsiri yake. Anapofuzu, umma unajua kwamba anayajua magonjwa. Haujui kama anaisikia vyema lugha yanamosemwa.

Mifano ya hatari iko tele. Mgonjwa akisema ana "kichomi", huenda ana maana ya maumivu yanayochoma ubavuni tu. Mwanafunzi aliyeliona neno hilo katika kamusi likiwa jina la ugonjwa wa mapafu ataandika nimonia, na daktari mkuu atayasoma maandishi yasiyotoka kinywani mwa mgonjwa. "Homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria, kwa wa tatu ni mafua. Mtu husema "nina presha" akikusudia shinikizo lililopanda, na maandishi rasmi nayo huandika "ana shinikizo la damu", kana kwamba kuna mtu hai asiye nalo. Ilipasa kuandikwa "shinikizo la juu la damu". "Nimekwisha kupimwa" yaweza kuwa mtu aliwekewa chombo kifuani, au alitolewa damu, au alisimamishwa kwenye mizani. Mwanamke aliyeambiwa ana "kifafa cha mimba" aweza kurudi nyumbani akidhaniwa kuwa na kifafa cha maisha.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni degedege. Uchunguzi uliofanyika katika Wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba degedege ulikuwa ugonjwa unaojulikana na watu wenyewe kwa jina na kwa tiba yake, na wazazi wengi hawakuuhesabu kuwa malaria, bali jambo la pepo lililostahili kupelekwa kwa mganga kwanza. Sasa fikiri daktari kijana anayemwuliza mama: "Mtoto alikuwa na malaria?" Mama atajibu kwa ukweli kabisa: "Hapana, daktari." Hakuulizwa habari za degedege. Swali lilikuwa sahihi katika kitabu, na jibu lilikuwa sahihi nyumbani kwa mama, na baina ya usahihi huo wa aina mbili mtoto hupoteza saa ambazo hana.

Hata katika istilahi zetu wenyewe tumeacha pengo. Kwa neno "dalili" twataja lile analolisikia mgonjwa, kama kichefuchefu, na pia lile analoliona daktari, kama manjano ya macho. Kitabu cha tiba huyatenga mambo haya tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa la kwanza hujulikana kwa kuuliza na la pili kwa kutazama na kugusa. Twapendekeza "dalili" liwe la mgonjwa na "ishara" liwe la daktari. Maneno yote mawili tunayo, wala hatuhitaji kukopa.

7. Pingamizi na mapendekezo

Itasemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya tiba. Kamusi ya Tiba ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003, na maelfu ya wauguzi na matabibu hueleza magonjwa kwa Kiswahili kila asubuhi. Itasemwa pia kwamba vitabu na dawa vyatoka ng'ambo kwa Kiingereza. Hilo ni kweli, wala hatuombi Kiingereza kiondolewe katika vyuo vya udaktari. Kuhusu mahakama, jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani lilipitishwa kwa sheria nchini Tanzania mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya kutoa haki. Aliyeshitakiwa amepewa haki ya kuelewa anayoambiwa. Mgonjwa naye asinyimwe.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu. Kwa wafasiri: mtenge shahada, usajili, leseni na ubingwa, mtumie kufuzu kwa mitihani ya leseni, na msiandike namba ya mizani kama asilimia. Kwa walimu wa udaktari: mwanafunzi afundishwe msamiati wa mgonjwa kama anavyofundishwa majina ya mifupa, na tafsiri yake wodini isahihishwe kama kazi. Kwa maofisa wa wizara na mabaraza ya taaluma: mtihani wa kustahiki leseni uwe na sehemu ambayo mtahiniwa humhoji mgonjwa mwigizaji kwa Kiswahili na kumweleza ugonjwa wake na dawa zake kwa lugha anayoielewa, na asiyekifikia kikomo cha sehemu hiyo ahesabiwe kuwa hakufuzu. Gharama iliyowaelemea watahiniwa wa Marekani haitakuwa lazima kwetu, maana sehemu kama hiyo yaweza kufanywa katika hospitali zile zile za kufundishia bila ya kumsafirisha mtu.

Wasomaji walio katika wodi, madarasa na ofisi wanayajua maneno ya wagonjwa wa sehemu zao kuliko sisi. Tunawaomba watuletee majina ya maradhi na ya maumivu kama yanavyosemwa huko waliko, pamoja na maana zake kwa wasemaji wenyewe, ili yahakikiwe kabla ya kuingizwa katika orodha za istilahi.